Gitaa la Vinteji: Ni Ukale Upi Unaouzwa?

Andika "gitaa la umeme la vinteji" kwenye mtandao wowote wa mauzo uone kitakachokujia. Magitaa manne kwenye kioo cha simu, yote yana rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, yote yana mbao za shingo zilizokolea kama asali, sura moja utadhani watoto wa tumbo moja. La kwanza bei yake ni ya gari. La pili ni ya pikipiki. La tatu ni ya simu nzuri, na la nne hata simu hiyo halifikii. Wauzaji wote wanne wametumia neno lile lile, vinteji, na wewe unabaki ukijiuliza nani kati yao ni mwongo.

Inawezekana hakuna. Neno hili moja limebebeshwa mizigo mitatu, na kila muuzaji anabeba ule unaomfaa.

Mzigo wa kwanza ni umri: gitaa lilitengenezwa zamani kweli, tuseme mwaka 1962. Wa pili ni vipimo: gitaa limetoka kiwandani juzi, lakini unene wa shingo, mzingo wa ubao wa vidole, freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao huo), pikapu (sehemu inayodaka sauti ya nyuzi) na vyuma vyake vimefuata michoro ya zamani. Kampuni inaporudia mfano wake yenyewe wa mwaka fulani, wauzaji huuita riishu. Wa tatu ni sura: kwa nje linafanana na la zamani, kwa ndani ni gitaa la leo. Fikiria magari. Kuna gari la mwaka 1962 lenyewe, kuna gari jipya lililoundwa upya kwa michoro ya 1962, na kuna gari la mwaka huu lililopewa taa za mviringo na rangi mbili. Yote matatu yatageuza shingo za watu barabarani, ila usukani hautahisi vilevile mikononi.

Maumbo yenyewe karibu yote yametoka Marekani, ndani ya muda mfupi sana. Kampuni ya Fender, kutoka mji wa Fullerton, California, ilianza na gitaa ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Mwaka 1950 liliitwa Broadcaster, lakini Gretsch walikuwa na ngoma zenye jina linalokaribiana na hilo, na kwa miezi kadhaa magitaa yakatoka kiwandani yakiwa na jina la kampuni tu kichwani, la modeli limekatwa. Stratocaster ilifuata mwaka 1954. Kampuni ya Gibson walileta Les Paul mwaka 1952, na mwaka 1958 wakaja na ES-335, lile pana lenye uwazi ndani. Leo ukioneshwa gitaa la mtindo wa kale, lichunguze kidogo tu utamwona babu yake humo.

Sasa kuna imani inayowagharimu wanunuzi fedha nyingi: kwamba magitaa ya enzi hizo ni ghali kwa sababu yanalia vizuri kuliko mapya. Yapo yanayolia vizuri mno. Lakini bei haikutoka huko. Chukua Les Paul ya rangi ya machweo iliyotengenezwa kati ya 1958 na 1960, ambayo siku hizi inauzwa kwa bei za kutisha. Enzi zake haikuwa na soko la maana. Gibson wakaliacha umbo hilo, na mwaka 1961 wakatoa lile jembamba lenye pembe mbili ambalo tunalijua kama SG. Umbo la awali halikurudi kiwandani hadi 1968. Katikati ya hapo ndipo wapigaji vijana wa bluzi kule Uingereza, Eric Clapton akiwemo, walipoyaokota yale ya zamani kama mtumba, wakayachomeka kwenye amplifaya zilizofunguliwa hadi mwisho, na masikio ya watu yakafunguka. Kufikia wakati Gibson wanayarudisha, yale ya mwanzo yalikuwa machache na wayatakao ni wengi. Bei yake ni ya uhaba na historia, kama stempu yenye kosa la uchapaji. Stempu ile haifikishi barua mapema kuliko nyingine.

Imani ya pili inahusu CBS. Januari 1965 shirika hilo la utangazaji liliinunua Fender kwa dola milioni 13, na tangu hapo maneno "kabla ya CBS" yamekuwa kama muhuri wa dhahabu. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1971 shingo ya Stratocaster, iliyokuwa ikishikiliwa na skrubu nne, ilianza kushikiliwa na tatu, na kwenye magitaa mengi ya miaka ile shingo inacheza kwenye tundu lake kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Rangi nayo ikawa nene kama ganda. Lakini gitaa la mwezi mmoja kabla ya mauzo na la mwezi mmoja baadaye yalipita mikono ile ile na mashine zile zile. Cha kuchekesha ni kwamba hayo ya miaka ya 1970, yaliyokuwa yakisemwa vibaya kila kona, sasa nayo yanauzwa kama vinteji. Umri umewatosha wauzaji.

Na Japani isisahaulike hapa. Nakala zilizotengenezwa huko miaka ya 1970 zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson ilikwenda mahakamani kuhusu umbo la kichwa cha magitaa ya Ibanez. Fender walichagua njia nyingine: mwaka 1982 wakaanza kutengeneza magitaa Japani, yakiwemo yale yenye jina la Squier, na mwaka huo huo wakatoa Marekani riishu za mifano ya 1957 na 1962. Walikuwa wameanza kushindana na mababu zao wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia "hilo ni la Japani tu", hilo "tu" lake usilipe uzito.

Tuje mkononi, maana hapa ndipo ukale wa vipimo unapoonekana, na ndipo wengi wanapojuta.

Ubao wa vidole si bapa. Umepindwa kidogo kutoka upande hadi upande, kama kipande kilichokatwa kwenye mgongo wa pipa. Kwenye Fender za zamani pipa hilo ni dogo: nusu kipenyo chake ni inchi 7.25, yaani milimita 184. Fender nyingi za sasa hutumia inchi 9.5, na Gibson kwa desturi hutumia 12. Ubao uliopindwa zaidi, ule wa pipa dogo, unakaa vizuri sana kiganjani unapopiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja), vidole vinajikuta vimelala penyewe. Shida inakuja unapovuta uzi wa kwanza juu kwa solo. Uzi unapanda ule mlima, unagusa freti za mbele yake, sauti inakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Freti nyembamba na fupi za zamani zinaongeza ugumu. Dawa ni kuinua nyuzi kidogo, na hapo urahisi uliokuwa ukiufurahia unapungua. Ndiyo maana magitaa mengi mapya yana sura ya kale juu ya ubao wa kisasa, na kwa maoni yangu huko si kudanganya hata kidogo. Kama solo ndiyo kazi yako, mchanganyiko huo ni bora kuliko uaminifu kwa mwaka 1957.

Jambo jingine hakuna tangazo linalolitaja. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha inapopinda kwa hali ya hewa au mvuto wa nyuzi. Kwenye gitaa la kisasa nati yake iko kichwani, unaingiza ufunguo, unazungusha robo, umemaliza. Kwenye riishu nyingi za Fender iko upande wa pili, mahali shingo inapokutana na mwili. Mimi nililigundua hilo usiku, gitaa likiwa na siku mbili nyumbani. Nililegeza nyuzi zote sita, nikafungua skrubu nne, nikang'oa shingo, nikazungusha robo, nikarudisha kila kitu, nikatuni. Bado haitoshi. Nikafungua tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshawachukia wote walioishi mwaka 1957. Ikiwa unaishi mahali ambapo hewa inabadilika sana kati ya ukavu na unyevu, muulize muuzaji nati iko wapi kabla ya kuuliza rangi.

Swichi ya Stratocaster, ile ya kuchagua pikapu, nayo ina kisa chake. Hadi mwaka 1977 ilitoka kiwandani na nafasi tatu tu, lakini wapigaji waligundua kwamba ukiitegesha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja kwa ile sauti ya kengele inayojulikana leo. Watu wakawa wanaitegesha kwa kijiti. Baadhi ya riishu zinazojali usahihi zinarudisha swichi ya nafasi tatu. Nyingine hukupa ya nafasi tano. Hii ya pili ndiyo ya kuchukua, isipokuwa una mapenzi ya vijiti.

Kuhusu sauti: pikapu, na hapa hatuzungumzii gari la mizigo, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Tatizo ni kwamba waya huo unadaka pia kelele za umeme wa nyumba, ule mvumo mzito wa hezi 50 au 60 kulingana na nchi. Pikapu za koili moja, za Telecaster na Stratocaster, zitavuma. Hazijaharibika, ndivyo zilivyo. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955: koili mbili zilizopangwa kinyume, sumaku nazo kinyume. Kelele inaingia kwenye koili zote mbili ikiwa na ishara tofauti, inajifuta, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovutana kamba. Sauti ya uzi, kwa sababu ya zile sumaku, inaongezeka badala ya kufutika. Hiyo ndiyo hambaka, iliyoanza kuonekana kwenye magitaa mwaka 1957, na ndiyo sababu inalia nene na kimya zaidi.

Uaminifu kwa kale una mitego yake hata hapa. Itazame kwa karibu pikapu ya Stratocaster ya mtindo wa zamani. Sumaku zake sita hazilingani urefu: za uzi wa nne na wa tatu zimechomoza, ya uzi wa pili imezama. Watu hudhani ni urembo. Sababu ni kwamba zama zile uzi wa tatu ulizungushiwa waya kama zilivyo nyuzi nene, sauti yake ikawa hafifu, ikabidi sumaku isogezwe karibu. Leo karibu kila mpigaji wa gitaa la umeme anatumia uzi wa tatu mtupu, na sumaku ile bado imechomoza, inaudaka kwa pupa. Ukisikia uzi wa tatu unapiga kelele kuliko wenzake, gitaa lako halina kasoro. Linasubiri nyuzi za mwaka 1954.

Vitu vingine vinavyosifiwa kwenye matangazo, kama nyaya zenye ganda la nguo na kapasita zilizochorwa kama za zamani, nisingevilipia. Kapasita yenye thamani ile ile hufanya kazi ile ile, na kitufe cha toni kikiwa kimefunguliwa wazi mchango wake ni mdogo sana.

Rangi ndiyo uwanja wa ubishi mkubwa. Zamani magitaa yalipakwa laka ya nitroselulosi, jamii ya rangi zilizotumika kwenye magari, na Fender walichukua hata rangi zenyewe za magari kutoka DuPont. Laka hii ni nyembamba, inakwaruzika, inageuka manjano kwa miaka, na inapasuka mistari midogo kama udongo uliokauka. Wapenzi wake husema inaacha mbao "zipumue". Mbao za gitaa zimekatwa na kukaushwa, hazina pumzi ya kuvuta, na kuanzia mapema miaka ya 1960 Fender wenyewe waliweka chini ya laka hiyo tabaka gumu la kuziba vinyweleo. Mwanya wa kupumulia ungetoka wapi? Faida halisi ya nitro ni jinsi inavyohisi mkononi na jinsi inavyozeeka. Hasara yake ya kila siku: stendi yenye mpira wa bei rahisi inaweza kuiyeyusha na kukuachia alama mbili shingoni asubuhi.

Na hapa ukale wa sura unajichanganya wenyewe kwa namna ninayoipenda. Ile rangi ya maziwa inayoitwa nyeupe ya vinteji haikuwepo mwaka 1962. Gitaa lilitoka kiwandani jeupe, laka ya juu ikageuka manjano, likawa na rangi ya siagi. Lake Placid Blue, buluu ya gari, imegeuka kijani kwenye magitaa mengi ya zamani kwa sababu hiyo hiyo. Shingo za rangi ya asali zilikuwa nyeupe kama unga zilipotoka. Kwa hiyo anayenunua riishu yenye shingo ya asali ananunua sura ya gitaa la mwaka 1957 kama linavyoonekana leo. Kijana aliyelinunua dukani mwaka 1957 asingelitambua.

Kiwanda kikienda mbali zaidi, kinachubua rangi, kinatia kutu kwenye skrubu na kukwangua mahali mkono unapoegemea. Fender walianza kuuza magitaa ya namna hiyo mwaka 1995, na Gibson wana karakana nzima ya kazi hiyo. Wauzaji huyaita reliki. Watu hucheka, lakini watu hao hao huvaa jinzi zilizochanwa kiwandani. Kuna kitu kimoja chenye maana ndani yake: kingo za ubao wa vidole zilizolainishwa hufanya shingo mpya ihisi kama imepigwa miaka ishirini. Hicho nitakilipia. Kutu, hapana, hiyo nitaitengeneza mwenyewe kwa jasho.

Ukishajua unataka ukale upi, kununua kunakuwa kwepesi, isipokuwa ukitaka ule wa umri. Huko kuna utapeli, kwa sababu shingo na mwili hufunguka kwa skrubu nne na stika ya kichwani hununuliwa popote. Namba ya kwenye bamba la shingo haitoshi. Hata kiwandani bamba hayakufungwa kwa mfuatano. Omba picha za ndani. Chini ya vitufe vya sauti kuna potensiometa zenye namba iliyogongwa, mfano 304 6320: 304 ni kiwanda cha Stackpole, 63 ni mwaka, 20 ni wiki. Hiyo inakuambia kwamba gitaa halikuunganishwa kabla ya katikati ya 1963. Haikuambii lilikamilika lini, maana Fender walinunua shehena kubwa ya potensiometa mwaka 1966 na kuzitumia kwa miaka. Tazama pia risasi ya kulehemu: ile ambayo haijaguswa imefifia, iliyoguswa juzi inang'aa. Gitaa la zamani lililopakwa rangi upya hushuka thamani vibaya, wanunuzi wengi huhesabu karibu nusu, na hiyo ni bahati kwa anayetaka kulipiga badala ya kulifungia kabatini.

Kama litavuka mpaka, uliza ubao wa vidole ni mti gani. Rozwudi ni ukoo mmoja na mpingo wetu, na ile ya Brazili, iliyotumika kwenye magitaa mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, iko chini ya ulinzi mkali wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Bila kibali inaweza kutaifishwa forodhani. Rozwudi za aina nyingine ziliingizwa kwenye udhibiti mwaka 2017, kisha mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa. Msamaha huo haukuigusa ile ya Brazili.

Kwa riishu na nakala, mpya au mtumba, acha kwanza amplifaya. Piga gitaa kavu, sikiliza kama linadumu. Shika shingo dakika kumi mfululizo, si mbili, maana shingo nene za miaka ya 1950 huwa tamu mwanzoni kisha kiganja kinaanza kulalamika. Vuta uzi wa kwanza kwenye freti ya 15 kwa toni nzima. Ukizimika, uliza kama kuna nafasi ya kuinua nyuzi. Uliza uzito. Ukiangalia bei mtandaoni, tafuta bei ambazo magitaa yalinunuliwa, si zile zinazoombwa, kwa sababu kuomba hakuna mwenye kumzuia mtu. Na tenga fedha ya fundi wa kulisawazisha. Gitaa la bei ya wastani lililosawazishwa vizuri hulitia aibu la ghali lililotoka moja kwa moja kwenye boksi.

Likija kwa kusafirishwa, na lina laka ya nitro, usikimbilie kufungua. Liache ndani ya boksi saa kadhaa lizoee joto la chumba. Laka iliyopoa sana ikikutana ghafla na hewa ya joto hupasuka mistari, na utaisikia ikilia kwa mlio mdogo. Wapo mafundi wa reliki wanaoyaweka magitaa kwenye friza makusudi kupata mistari hiyo hiyo, na wanalipwa.